Mlango wa Msusi

Fundi seremala huyu walimwita Msumeno, si kwa kazi yake, bali kwa kukoroma kwake. Mkewe ndiye aliyetoboa siri. Msumeno alikuwa mtu wa utani, ila hasira zake zilikuwa karibu. Jirani yake ukuta kwa ukuta, msusi mmoja mjane, alikuwa na jenereta iliyonguruma kando ya karakana kila umeme ulipokatika. Walizozana mpaka wakaacha kusalimiana. Siku moja mteja wa Msumeno aliondoka kwa kuchoshwa na moshi. Msumeno akashika nyundo, akavunja mlango wa saluni na vioo vyote vya ukutani. Msusi alikimbilia nje pamoja na mteja aliyekuwa amesukwa upande mmoja tu wa kichwa.

Mahakamani Msumeno alisomewa shtaka la kuharibu mali kwa makusudi. Mkewe alikwisha kumwonya asizungushe maneno, na alipoulizwa, Msumeno alikiri. Mwendesha mashtaka akaomba adhabu kali iwe fundisho kwa wengine.

Hakimu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alimgeukia.

"Sheria inaniruhusu kukufunga," alisema. "Lakini ni kosa lako la kwanza, na umekiri. Utatumikia adhabu yako nje, ukitengeneza madawati ya shule bila malipo. Ukikwepa, utakwenda jela."

Msumeno akashukuru, akadhani mambo yameisha. Hajamaliza hata madawati, akaletewa wito: msusi amefungua kesi ya madai. Alifura. Akamwendea karani wa mahakama, akataka kujua mtu anaadhibiwaje mara mbili kwa kosa moja. Karani akamweleza taratibu kwamba ile ya kwanza ilikuwa ya jinai, kati yake na serikali, kwa kuvunja sheria. Hii ni ya msusi mwenyewe. Haitafuti kumfunga mtu, inatafuta kumrudishia mwenye mali kilichoharibika.

Kabla kesi haijasikilizwa, walikalishwa mbele ya msuluhishi, katika chumba kidogo chenye feni inayolia. Hapo ndipo Msumeno aliposikia kwamba vumbi la randa yake lilikuwa likiwaingia wateja wa msusi kichwani siku zote, na mwenzake alikuwa akivumilia tu.

"Dada, nimekukosea," alisema. "Mlango nitauunda mwenyewe, na vioo nitanunua."

"Sawa, kaka. Ila uwe na komeo la ndani," msusi akajibu. "Tangu siku ile nafanya kazi roho mkononi."

Maneno hayo yalimchoma kuliko hukumu yenyewe. Makubaliano yakaandikwa, hakimu akayapitisha yawe amri ya mahakama. Jenereta ikahamia uani, na Msumeno akaziba upenyo uliopitisha vumbi. Adhabu ilipokwisha, mwalimu mkuu akamwita tena shuleni, safari hii kwa ujira, atengeneze rafu za vitabu.

Mlango aliupachika asubuhi moja, wa mbao ngumu, umepigwa msasa ukalainika. Msusi akaingia, akafunga komeo, akafungua, akafunga tena. Alipotoka alikuwa anatabasamu.

"Mwambie wifi aje Jumamosi," akasema, "nimsuke."