Miaka Bilioni Nne Shambani kwa Baba

Mimi ni mwalimu wa jiografia Kibaha, na kama walimu wengi wenye vyeti, huwa naamini kila kitu kinaelezeka ukiwa na kamba. Nilitaka wanafunzi wangu wauone umri wa dunia kwa macho: kamba ya manila ya mita arobaini na sita, kila mita miaka milioni mia moja. Uani kwangu Sofu hapatoshi hata kuanika mashuka mawili, kwa hiyo Jumamosi moja nikaenda kuijaribu shambani kwa baba, Kibuta.

Nikaivuta katikati ya mihogo. Kigingi cha kwanza, dunia inazaliwa. Kwenye mita ya kumi hivi, uhai: vijidudu visivyoonekana kwa macho. Baada ya hapo, mita baada ya mita, hakuna jipya ila utando kama ule unaoota ndani ya tangi la maji. Mabilioni ya miaka ya utelezi, na hakuna aliyeitisha kikao. Nilizipenda sana mita zile. Samaki, mijusi mikubwa na wanyama wote wa vitabuni wamebanana kwenye mita tano na ushee za mwisho, na binadamu mwenye akili zake, kama anazo, ana milimita tatu. Kila kigingi nikakifunga kitambaa chekundu, kionekane vizuri.

Vikaonekana vizuri mno. Huku kwetu anayepigilia vigingi vyenye vitambaa vyekundu anakata viwanja. Na mtoto akikata viwanja baba yake angali hai, anachomwambia baba yake hakihitaji shahada kukielewa. Mimi ninayo shahada, ndiyo maana sikukiona.

Jirani akampigia simu shangazi, shangazi akawapigia wengine, na kabla ya adhuhuri kikao kilikuwa barazani. Shangazi akasema nimeshindwa kusubiri hata kaka yake augue mafua. Baba mdogo akauliza, kwa upole sana, fungu lake linaanzia kigingi cha ngapi. Nikawaeleza habari za vijidudu. Walinisikiliza kama anavyosikilizwa mwizi anayesema alikuwa anapita tu.

Baba alikaa kwenye mkeka, hakuniangalia hata mara moja. Hapo ndipo nilipoogopa. Wengine wangeninunia wiki moja, lakini yeye angekwenda nalo kaburini, kwamba mwanawe alimpimia shamba akiwa mzima.

Walipoondoka akataka nimwoneshe. Tukatembea kigingi kwa kigingi, mimi nikieleza, yeye aking'oa kimoja kimoja na kunikabidhi. Aliuliza maswali mazuri kuliko wanafunzi wangu, na mimi nikaanza kupumua. Tulipofika mita ya thelathini, karibu na mkorosho, katikati kabisa ya utelezi, akapita bila kuinama.

"Hicho umekisahau, baba," nikasema.

"Sijakisahau. Hapo ulisimama sana asubuhi, ukatazama barabara, kisha ukapima kwa hatua. Nilikuwa nakuona."

Nilikuwa nimepima, kweli. Nyumba yangu ya vyumba vitatu na sebule, na veranda upande wa kivuli. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikakiacha palepale, nikamfuata na vigingi vingine mikononi, nikimweleza habari za vijidudu.