Fundi wa WiFi na simu inayokatika Alhamisi saa tisa

Saa nane na nusu mchana, siku ya Alhamisi. Jua la Mitunguu limesimama utosini na hata kuku wamejibanza chini ya ghala la mahindi. Hakuna upepo. Tabby Wanja ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameegemea ukuta, macho yake hayabanduki kwenye kiantena cheupe kilichofungwa juu ya mlingoti wa chuma.

Kiantena kina vitaa vinne vya kijani. Vinawaka.

"Vyote vinne," anasema polepole, kama mama anayehesabu watoto waliolala.

Leo Wanja hajagusa waya wala hajafungua ruta. Hajaja kutengeneza. Amekuja kungoja.

Hatua chache kutoka hapo, mlangoni, Gladwell Kinya, mjane wa miaka sitini na mitatu, naye anangoja. Simu iko mapajani, imefunikwa kwa leso isipate moto. Saa tisa kamili itapigwa na bintiye, Lorna, ambaye anafanya kazi ya nyumba Doha na hupewa nusu saa ya kuongea kila Alhamisi, watoto wa mwajiri wanapolala.

Na kila Alhamisi, kwa wiki kumi na moja mfululizo, simu hiyo imekatika ikifika kama saa tisa na dakika kumi. Siku nyingine zote mtandao ni mzima. Wajukuu huja hapo kutazama katuni mpaka wafukuzwe.

"Si kukatika kama bando ikiisha," Gladwell anaeleza. "Kwanza sauti ya msichana wangu inakuwa nene. Inavutika, inakuwa kama ya mwanamume. Halafu inaenda."

Wanja, mwenye umri wa miaka ishirini na minane, ni mzaliwa wa Siakago, Embu, kule kwenye joto na mbuzi. Alijifunza umeme na kompyuta katika masomo ya jioni mjini Nkubu, binti yake mchanga akiwa amelala kwenye kanga chini ya dawati. Leo mtoto huyo ana miaka mitatu. Mama yake hufunga ruta nyumba kwa nyumba, kwa shilingi elfu moja mia tano kila kazi, na wiki nzuri ina nyumba tano au sita.

Mara nyingi tatizo huwa la kuchekesha. Kuna mteja aliyefungia ruta ndani ya kabati la vyombo na kutia kufuli ili majirani wasiibe intaneti. Mwingine aliifunika kwa kitambaa kizito cha kufuma, vumbi lisiingie, halafu akalalamika kwamba inapata joto na kuzima.

"Mimi kabla nifungue chombo, nauliza kwanza nani kwa hii nyumba anapigia nani, na saa ngapi," anasema. "Ruta haiharibiki tu hivi hivi. Inaharibikia mtu."

Kwa Gladwell alifika mara ya kwanza siku ya Jumatatu. Kila kitu kilikuwa sawa. Intaneti huingia kwa waya katika nyumba ya kifungua mimba, Kiambi, kule juu kando ya barabara. Kutoka hapo hurushwa hewani, antena kwa antena, kupita juu ya shamba hadi kwa mama, ambaye nyumba yake iko bondeni karibu na mto, mahali ambapo netiwaki ya simu haifiki. Wanja alibadilisha vichwa vya nyaya, akaondoka. Alhamisi simu ikakatika.

Alirudi Jumanne na ruta mpya. Alhamisi ikakatika.

Wiki iliyopita akaamua kuja siku yenyewe. Alikuwa sebuleni, amepiga magoti mbele ya ruta, simu ilipoanza kuvuta sauti. Alitoka nje mbio na kuinua macho. Vitaa vilikuwa vinazimika kimoja kimoja kutoka kulia, taratibu, kama mtu anayepita nyumbani akizima taa kabla ya kwenda kulala.

"Hakuna aliyekuwa amegusa kitu. Nikazima, nikawasha, nikabadilisha chaneli, wapi! Saa kumi na mbili na nusu vikajirudia vyenyewe vyote vinne."

Kiambi, aliyekuwa akiteremka kuangalia ng'ombe, alimpata amesimama hivyo.

"Fundi, wiki ijayo ulete waya ama ulete maji ya baraka?" akamtania.

"Nikileta maji ya baraka, wewe ndiye nitaanza kunyunyizia," Wanja akamjibu.

Kiambi alicheka. Mama yake hakucheka. Jioni hiyo alimketisha fundi jikoni, akampa chai, akamweleza jambo ambalo hakuwa amemweleza mtu yeyote wa kanisa.

Lorna aliondoka nyumbani karibu miaka miwili iliyopita. Baba yake, Mzee Gitobu, alikuwa amekataa. Msichana alikwenda hata hivyo, begi begani, na mzee akamfuata hadi langoni. Hapo akatamka maneno mbele ya mama na kaka yake: kwamba akivuka lango hilo asimwite baba tena, na kwamba sauti yake isisikike tena katika boma hilo.

Miezi mitano baadaye Gitobu alianguka zizini akafa. Lorna hakuweza kuja mazishini. Mzee alizikwa shambani, katikati ya nyumba mbili, ya Kiambi na ya mama.

"Tulimteremsha siku ya Alhamisi," Gladwell alimwambia fundi. "Saa tisa."

Wanja anasema alishika kikombe kwa mikono miwili.

"Mimi ni mtu wa kanisa. Nikamwambia, mama, hizi ni mashine tu. Akaniuliza, 'Basi mwari, mbona mashine inajua siku?'"

Mwari ndivyo Wameru wanavyomwita binti. Wanja, ambaye ni Muembu, huzungumza na mama huyo kwa Kiswahili, lakini hilo alilielewa.

Lorna naye amekwisha kuamini kwamba ni baba. Mkataba wake unakwisha mwezi huu. Ijumaa iliyopita alituma ujumbe wa sauti, na mama amekuwa akiusikiliza kila asubuhi: "Mama, Alhamisi hii akinikata tena, naweka sahihi miaka miwili mingine. Siwezi kurudi kwa boma iliyonifunga mdomo."

Kiambi alipendekeza jambo rahisi. Mama apande kwake, barabarani, apokelee simu huko.

"Nikipanda huko," Gladwell anasema, "nimekubali kwamba hapa kwake hawezi kusikika. Mimi sipandi."

Kwa hiyo leo wanangoja. Kando ya mguu wa Wanja kuna kijitabu cha shule. Ameandika ndani yake kila kitu alichokiona tangu saa saba: joto, mbwa wa jirani, lori lililopita, vitaa vinne.

Dakika moja kabla ya saa tisa, simu inaita.

"Mama."

"Lorna wangu. Umekula?"

"Nimekula. Na miguu yako?"

"Miguu ni ile ile, inanipeleka chooni na kunirudisha."

Wanacheka. Wanaongea juu ya ndama, juu ya mjukuu aliyeng'oka jino, juu ya bei ya ndizi. Wanakwepa jambo lenyewe. Wanja anasikia yote, lakini macho yako juu. Vinne. Vinne. Vinne.

Kisha anasikia kitu kingine. Kutoka shambani kunakuja sauti ndogo, tap, tap, tap, kama vidole vingi vinavyogonga meza kwa kukosa subira.

"Mama, kuhusu ule mkataba..." Lorna anaanza, na neno la mwisho linavutika, linazama, linakuwa la mtu mwingine.

Kitaa cha kulia kinazimika.

Wanja hakimbilii ruta. Anasimama juu ya ndoo na kutazama kule ambako kiantena kinatazama. Wiki zote hizo alikuwa akikitazama chenyewe. Hakuwahi kugeuka aangalie kilikoelekea.

Nyumba ya Kiambi haionekani. Mahali ilipopaswa kuwa pamejaa majani. Hakuna upepo katika Mitunguu yote, mahindi ya jirani yamesimama kama yamechorwa, lakini hapo katikati ya shamba majani mapana ya migomba yanainama na kuinuka, yanainama na kuinuka.

Ni maji. Zamu ya maji ya boma hili ni Alhamisi. Saa tisa Kiambi hufungua koki kule juu, sprinkla za kunyunyizia maji zikaanza kuzunguka, na kufikia saa tisa na dakika kumi kila jani limelowa. Saa kumi na mbili hufunga. Imekuwa hivyo tangu kabla ya Lorna kuzaliwa, ndiyo sababu hakuna aliyeitaja. Jani la mgomba lililolowa ni ukuta kwa mawimbi ya WiFi. Na antena ziliwekwa kabla ya mazishi, wakati hapo katikati palikuwa na maharagwe.

"Mama," Wanja anaita. "Ni migomba."

"Migomba gani?"

Wanja anashuka kwenye ndoo. Anaijua. Kila mtu hapa anaijua. Ni saba, imezunguka kaburi. Gladwell mwenyewe alipanda machipukizi wiki moja baada ya mazishi, kwa sababu mzee alipenda ndizi, na sasa imepita paa. Hakuna aliyewahi kuikata hata jani. Mikungu huivia humo humo, ikaliwa na ndege. Wajukuu hawapiti upande ule.

"Ile ya mzee," anasema.

Kitaa cha nne kinazimika. Simu iko kimya mkononi mwa mama.

"Si nilikwambia ni yeye," Gladwell anasema. Wala hasemi kwa hofu. Anasema kama mtu aliyechoka.

"Mama, ni maji kwa majani. Hata tukifunga koki sasa, yatakaa yamelowa mpaka jioni. Tukipunguza yale ya juu..."

Gladwell tayari ameinuka. Anaiacha simu juu ya kiti, anachukua panga nyuma ya mlango na kuelekea shambani kwa miguu yake mibovu, akijishika ukutani, kisha kwenye fito za zizi, kisha bila kujishika popote. Anaingia chini ya sprinkla. Maji yanampiga kichwani na leso aliyojifunga inamgandama. Anasimama mbele ya migomba, panga limelala ubavuni, na kuanza kuongea Kimeru.

Kimeru na Kiembu ni lugha za karibu. Wanja anashika nusu yake.

"Alimwita jina, Gitobu, si baba Kiambi. Akamwambia, umeongea ya kutosha. Nimekusikia mwaka mzima. Sasa mtoto aongee."

Saa ya simu ya Wanja inaonyesha saa tisa na dakika kumi na saba. Anainua macho, na kitaa kimoja kinawaka. Kisha cha pili.

"Mama! Imerudi!"

Simu inaita juu ya kiti. Wanja anaipokea, anaiweka kwenye spika, anapandisha sauti hadi mwisho na kuielekeza shambani.

"Mama? Kwani kuna mvua huko?"

"Si mama. Ni fundi. Mama yuko kwa mzee."

Wanja anatazama juu akidhani imekatika tena. Vitaa viwili bado vinawaka, vinatetemeka kidogo.

"Fundi," Lorna anasema, "nikiongea, atasikia?"

"Sijui, dadangu. Lakini sauti inafika. Nimeiweka juu."

Kutoka Doha inasikika pumzi ndefu.

"Baba."

Mbwa wa jirani anaacha kubweka.

"Baba!" kwa sauti kubwa zaidi. "Ni mimi. Baba, nataka kurudi nyumbani."

Kati ya migomba, Gladwell ameinua uso, maji yanamtiririka mashavuni. "Ongea, mwari!" anaita. "Ongea, hajakukataza!" Ndipo anainua panga na kukata jani la kwanza, la pili, la tatu. Kila moja linaanguka kwa uzito wa nguo iliyolowa. Kitaa cha tatu kinawaka na kubaki hivyo hadi saa tisa na nusu, Lorna anapoitwa kazini.

Wiki kadhaa zimepita na Lorna hajaweka sahihi. Tikiti yake ni ya Agosti.

Wanja ameieleza kazi ile kwa mafundi wenzake, na wote wanakubaliana kuhusu majani na maji. Kuna jambo moja tu ambalo hulieleza kwa sauti ya chini.

"Nilipopiga kelele kwamba imerudi, panga lilikuwa bado chini. Mama alikuwa hajakata kitu. Alikuwa ameongea tu. Labda upepo ulisukuma majani. Lakini hakukuwa na upepo."

Tayari amenunua bomba la chuma la mita tatu ili kuinua antena ipite juu ya majani kabisa. Gladwell amekataa kwa sasa. Anasema hataki sauti ya mtoto impite baba yake kwa juu kama mgeni, na kwamba atapunguza majani mwenyewe kila Jumatano. Wiki iliyopita alikata mkungu mmoja pia. Waliupika, wakala, na hakuna aliyeumwa tumbo.

Fundi huyo ana mipango yake. Anataka kukodi chumba kidogo hapo sokoni Mitunguu, apate kibali kwa jina lake, na azirushie intaneti nyumba za bondeni ambazo hakuna kampuni imejali kuzifikia. Tayari wateja tisa wamejiandikisha, wanne kati yao wakiwa akina mama wenye watoto ng'ambo.

Lakini kwanza kuna Agosti.

"Siku Lorna atashuka hapo kwa lango, nitakuja na mtoto wangu, nipande kwa ule mlingoti, nizime hicho kimashine," anasema Wanja. "Mchana mmoja tu. Nataka nisikie wakiongea bila mimi."