Shingo Iliyokataa Kugeuka

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kufika Bariadi na malori yao, nilikuwa nimerudi nyumbani na shahada, nikitafuta kazi ambayo serikali haikuwa ikimpangia mtu tena. Niliandika barua za maombi kutwa nzima, daftari likiwa magotini. Baada ya wiki tatu shingo ilikakamaa, na maumivu yakapanda hadi nyuma ya jicho la kulia.

Nilijua ni uvimbe kwenye ubongo. Sikumwambia mtu. Nikisema, watadai vitabu vimenizidi. Mama atauza ng'ombe anipeleke kwa mganga. Nami nitakufa vilevile, ng'ombe ameshaondoka.

Kwetu mdogo humwinamia mkubwa anapomsalimu. Mimi sikuweza kuinama wala kugeuka. Kina mama waliponipita na mizigo ya pamba kichwani, niliwasalimu nikitazama mbele kama nguzo. Mama akaambiwa kisimani kwamba mwanawe amesoma mpaka amesahau heshima. Hakunigombeza. Aliacha tu kukaa nami nikila, na hilo liliniuma kuliko jicho.

Kisha akanituma Lalago kwa dada yake, nimpelekee mbegu za choroko. Mama mkubwa huyo alizoea kuwakanda wavunaji waliochoka. Nilipomsalimu wima, alinizunguka kwanza, akanikalisha kwenye kigoda, akanipaka samli na kunipapasa bega. Kidole gumba kikasimama juu ya kifundo kigumu kama punje ya mahindi. Akabonyeza.

Maumivu yakaruka hadi nyuma ya jicho, palepale.

"Unasikia wapi?"

"Jichoni."

"Na mimi nimeshika bega. Pumua, ng'wanawane, mwanangu. Wenzako wanabeba pamba na shingo zao laini. Wewe umebeba kalamu tu."

Alishikilia mpaka kifundo kikalegea, akahamia kingine. Asubuhi akarudia.

Njiani kurudi nilipanga hotuba ndefu ya kumweleza mama. Karibu na nyumbani nikasikia hatua zake nyuma yangu. Nikageuka, shingo nzima, nikainama kumsalimu.

"Mwadila, mayu."

Alinitazama kutoka chini ya mzigo wake.

"Kumbe inageuka," akasema. "Basi nitue."

Jioni alileta ugali, akakaa. Nikamweleza habari za jicho, akauliza kwa nini nilinyamaza. Nikamwambia kuhusu ng'ombe. Akacheka, akasema yule ana mimba, asingemuuza.