Tulimficha papa kifo cha mama akiwa hospitali, naye akaamini mama amemkimbia kwa sababu ya mguu

Wakuu, hodi humu ndani.

Kwa miaka nimekuwa nasoma tu na kupita. Leo naweka langu. Sijatia chumvi na sijafuta panapoumiza. Majina nimebadilisha, na hospitali sitaitaja kwa sababu waliokosea ni sisi ndugu, si wao.

Niko Lubumbashi. Kazi yangu ni makaratasi ya forodha pale mpakani Kasumbalesa, na wateja wangu wengi ni madereva wa malori kutoka Dar. Kiswahili hiki nimekipata kwao na vitabuni. Lakini watu wangu wakiongea humu nitawaacha waseme Kiswahili chetu cha Lubumbashi. Nikikinyoosha hawatakuwa wao.

Papa, yaani baba yangu, ni mstaafu wa reli. Amefanya kazi kwenye treni zaidi ya miaka thelathini, na baba yake kabla yake. Asili yetu ni Kabalo, kule kaskazini, ila nyumbani ni Kenya. (Ndugu wa Nairobi msishtuke, Kenya ni mtaa wetu hapa mjini.)

Papa ana sukari. Alipata kidonda kidogo kidoleni, akakificha ndani ya soksi kwa wiki kadhaa, na tulipokiona nyama ilikuwa imeshakuwa nyeusi. Walimkata mguu chini ya goti.

Alilipokea jambo hilo vizuri kuliko sisi. Siku ya tatu alikuwa anatania wodi nzima kwamba watoto wake tugawane viatu vyake, maana kila kimoja sasa ni yatima.

Nguvu hiyo ilitoka kwa mama. Alifika kila asubuhi na sufuria yake ya bukari, ndio ugali wetu, na samaki, akamwosha, akamkata kucha za mguu uliobaki, akakaa. Hawakuzungumza sana. Miaka arobaini ya ndoa, wangezungumza nini?

Siku ya tisa baada ya upasuaji, mama alianguka bombani akichota maji. Presha. Kabla hatujapata gari alikuwa amekwenda.

Sasa hapa ndipo uzi wangu unapoanza.

Kwetu mgonjwa haambiwi msiba. Ni desturi, na sijawahi kusikia mtu akiihoji. Tulikaa chini ya turubai la kilio, ukoo wote, na mdogo wake papa, tumwite papa mudogo Donat, akasema neno moja likatosha: "Mukimwambia, tutabeba masanduku mbili."

Ilibidi kutafuta maelezo ya kwa nini mama haji tena. Wakuu, maelezo hayo niliyatoa mimi. Nikasema tumwambie mama amepanda treni kwenda Kabalo, dada yake anaumwa. Kabalo ni mbali, mtandao ni wa shida, mtu anaweza kukaa huko mwezi bila kupiga simu.

Kila mtu aliniona mwerevu. Na mimi nilijiona.

Tulipanga mambo vizuri sana. Simu ya papa tuliichukua, tukasema kioo kinatengenezwa, ili rambirambi zisimfikie. Majirani tuliwaonya. Dada yangu Odette alikuwa anafika hospitali amevaa kitenge cha msiba, anaingia chooni getini, anabadilisha, anatoka na kitenge cha maua na uso wa kucheka.

Asubuhi ya maziko nilimpelekea uji saa moja. Nikamwambia mama amesafiri jana, anamsalimu.

Akauliza kitu kimoja tu: "Treni gani?"

Nikasema ya abiria.

"Aa," akasema. Akageukia ukuta.

Nilitoka pale nikaenda kumzika mama.

Kuanzia siku hiyo papa alianza kutuponyoka. Chakula aligusa kijiko kimoja, akasukuma sahani. Magongo alipoletewa alisema ayafanyie nini, aende wapi. Kidonda kilichokuwa kinakauka kikaanza kulowa. Sukari ilipanda, ikashuka, ikapanda. Daktari alibadilisha dawa, akaagiza vipimo. Kwenye faili waliandika kwamba mgonjwa hana hamu ya kula, na sisi tukasema bila shaka ni mguu, uchungu wa mguu huja kwa kuchelewa.

Wageni walimwambia ajikaze, yeye mwanaume. Mwingine akamwambia Mungu angetaka angechukua miguu yote miwili. Papa alikuwa anasikiliza akiangalia dari.

Aliyeona ni muuguzi wa kufunga vidonda. Nitamwita Mama Véro. Mwanamke wa makamo, mfupi, hana maneno mengi. Aligundua kitu ambacho sisi watoto hatukukigundua: ikikaribia saa ya wageni, papa alijifunika shuka hadi kichwani.

Siku moja alimaliza kumfunga kidonda lakini hakusukuma kitoroli chake kwenda kitanda kingine. Alivuta kigoda, akakaa. Hakuuliza habari ya mguu. Alimwuliza tu kama analala, na akilala anawaza nini. Kesho yake akakaa tena. Siku ya tatu papa alisema.

Mchana ule Mama Véro aliniita pembeni, kwenye korido.

"Mama yenu iko wapi?"

Nikajibu kama nilivyozoea: Kabalo.

"Papa yako anasema bibi yake alimukimbiaka," akasema. "Anasema aliona ile muguu, akachoka, akaenda ku mwanaume mwingine, na ninyi batoto munamufichia haya."

Nikamwambia haiwezekani, tulimweleza vizuri, alipanda treni.

"Treni?" akasema. "Rafiki yake wa reli alikuja kumuona mbele ya ile siku. Alimwambia mvua ilikata njia kule juu, hakuna treni ya abiria tangu mwezi. Papa yako alijua ni bongo siku ile ile ulifungua kinywa."

Bongo kwetu ni uongo.

Wakuu, nimlaumu nani? Mimi ninayeishi kwa kuangalia ratiba za mizigo. Mzee amekula, amelala na ametusomesha kwa treni, mimi nikaenda kumdanganya kwa treni.

Nikamwambia Mama Véro ukweli. Akasema uchungu wa papa una jina sasa, na hakuna dawa katika kabati lake inayoweza kuufikia. Lazima aambiwe. Lakini si ovyo, na si na mimi peke yangu.

Jioni ile tukaitisha ukoo. Papa mudogo Donat aliniuliza kama nataka kurithi mapema. Odette ndiye aliyevunja kikao. Alisema yeye hawezi tena kuvua kitenge cha msiba wa mama yake chooni, basi aendelee nani na hiyo kazi? Hakuna aliyejitolea, na hapo ukoo ukakubali papa aambiwe.

Mama Véro alipanga kila kitu na daktari. Iwe asubuhi, si jioni, ili papa asibaki na habari hiyo gizani peke yake. Ale kwanza, sukari na presha vipimwe kabla na baada. Pazia la kitanda livutwe. Na atakayesema awe yule ambaye desturi inamruhusu, yaani mdogo wake, si mtoto. Hilo la mwisho lilinigusa. Hakuja kuvunja desturi yetu, aliiomba isaidie.

Jumamosi tukakaa: papa mudogo, Odette, mimi, na Mama Véro kwenye kigoda chake na mashine ya presha mapajani.

Papa mudogo alianza kwa mbali. Akamwita yaya, kama tunavyomwita kaka mkubwa, akataja babu, akataja Kabalo, akataja mapenzi ya Mungu. Papa akamkatiza.

"Donat, sema tu. Iko ku mwanaume gani?"

Papa mudogo akainamisha kichwa.

"Yaya, iko ku makaburi."

Wodi nzima ilikuwa nyuma ya pazia, nadhani walisikia. Papa aliuliza siku gani. Nikamwambia ni asubuhi ya siku baada ya ile ya mwisho aliyomletea samaki. Akahesabu kwa vidole, polepole, akarudia.

"Basi hakunikimbia," akasema.

Alisema kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Uso ulitulia kabisa, kwa pumzi mbili tatu hivi. Halafu ukavunjika.

"Siku kumi na tisa niko namutukana. Muliniacha nitukane maiti."

Hapo akalia. Sijawahi kumsikia papa akilia, na sipendi kueleza sauti ile hapa. Papa mudogo akaanza kumwambia anyamaze, presha itapanda. Mama Véro akainua mkono.

"Muache alie. Presha niko naiangalia miye."

Akalia karibu saa nzima. Masanduku mawili hayakubebwa.

Daktari aliwaruhusu wanajumuiya wa parokia yetu waje Jumapili, nusu saa, na katekista. Odette alipita getini na kitenge chake cha msiba bila kubadilisha. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliitikia sala. Na Mama Véro aliendelea kukaa kwenye kigoda dakika kumi kila baada ya kufunga kidonda. Siku nyingine walizungumza kuhusu mama, siku nyingine kuhusu mvua.

Wiki ile papa alianza kula. Kidonda kikaanza kukauka. Niwe mkweli, daktari pia alikuwa amebadilisha dawa, kwa hiyo sidai machozi yanaponya kidonda. Naandika nilichokiona, kwa mpangilio nilivyokiona.

Lakini msidhani tulisamehewa. Siku moja nilikuwa namnyooshea shuka, akaniambia bila hasira: "Wewe unazoea kupangia mizigo safari. Hata mama yako ukamupangia safari." Hakutupa hata konzi moja ya udongo kwenye kaburi la mkewe, na hilo siwezi kumrudishia kwa namna yoyote.

Siku ya kuruhusiwa, gari likiwa linangoja nje, papa alidai magongo yake na akakataa kutoka. Alianza kitanda cha kwanza karibu na mlango. Akasimama mbele ya mgonjwa na kusema: "Ile neno nilikuambia juu ya bibi yangu, uifute. Hakukimbia. Alikufaka."

Kumbe katika zile siku kumi na tisa alikuwa amewaambia wote.

Alikwenda kitanda kwa kitanda, kwa mguu mmoja, jasho likimtiririka. Kila mmoja alimpa mkono. Mmoja alimwambia: "Tuliisha jua, papa, tulisikia, pumzika." Akamjibu kwamba kusikia nyuma ya pazia si kuambiwa na mwenye kosa.

Kitanda cha dirishani alikuta mtu mpya, kijana mwenye mkono uliovunjika, asiyeelewa chochote. Mzee aliyekuwa pale, ambaye papa alimfungulia moyo kuliko wengine, alikuwa ameruhusiwa kabla ya yote haya kusemwa. Papa alimwomba Mama Véro anwani yake. Mama Véro akasema kwa upole kwamba za mgonjwa hazitolewi, hata kwa jambo jema.

Papa alikaa kwenye ukingo wa kile kitanda, pembeni ya miguu ya kijana wa watu, kwa muda mrefu. Hatukumharakisha.

Wakuu, nilichojifunza si kwamba desturi zetu ni mbaya. Wazee walikuwa wanamlinda mgonjwa. Lakini mgonjwa anayefichwa halali usingizi, anajitungia habari yake mwenyewe, na ataitunga akiwa na maumivu, kwa hiyo itakuwa mbaya kuliko ile tuliyoificha. Ukiona mgonjwa wako ameacha kula, kabla ya kumwambia ajikaze, kaa chini umwulize anawaza nini. Ukae kweli, mkoba uwe chini. Na wauguzi mlio humu, najua mko wachache na vitanda ni vingi, ila zile dakika kumi za kigoda niliziona kwa macho yangu.

Karibuni mseme yenu. Aliyewahi kuficha, aliyewahi kufichwa, na hasa aliyewahi kusema: mlisemaje?

Na kama kuna msomaji kutoka Sakania: kuna mzee wa huko, muuza mkaa, alilazwa Lubumbashi na jipu la mgongo, kitanda cha dirishani. Ukimfahamu, mwambie yule mama aliyesimuliwa ni marehemu, na mumewe anaomba neno lile lisiendelee kutembea.