Mama Akianza Kuimba

Mimi ni shabiki wa studio moja ya katuni ya ng'ambo, na nina hasira nayo. Mambo hayo mawili yanakaa ndani yangu bila kusukumana. Nilianza kuzitazama filamu zao nikiwa msichana wa shule, kwenye kibanda cha video karibu na soko, ambako jamaa mmoja mwenye kipaza sauti aliketi kando ya televisheni akitusimulia kila kitu kwa Kiswahili juu ya maneno ya Kizungu. Kwa mdomo wake mfalme wa nchi ya mbali alikuwa mzee kutoka Machakos, na farasi wa mfalme alilalamika kwamba chai haina sukari. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa, nikazaa, na mpaka leo ukinipa flashi yenye filamu yao mpya Jumamosi mchana, usiniulize habari za vyombo.

Maoni ninayo, ingawa hakuna aliyewahi kuyaomba. Wanyama wao wanachorwa vizuri mpaka unatamani kuwachana manyoya. Baba zao ni wajinga, lakini wanafika mwisho wakiwa hai. Nyanya anapewa vichekesho vyote. Lakini mama! Mama hafiki hata nusu ya bakuli la bisi. Anatokea, anatabasamu, anamfunga mtoto skafu, anaimba kidogo, anakufa. Tena anakufa nywele zikiwa sawa. Nani anaziandika hadithi hizi, na mama yake alimkosea nini? Nililisema hilo kwa sauti kila mara, nikiwa nimekalia mto mbele ya televisheni na binti yangu wa chekechea mapajani: "Haya, ameanza kuimba. Huyo kwisha!" Mtoto alicheka. Mimi nikajiona mchambuzi.

Asubuhi moja nilikuwa namfunga vifungo vya sweta nimpeleke mlango wa pili, kwa jirani anayetulelea watoto, kisha mimi niende mtaa wa Baba Dogo, kwenye kiwanda tunakopakia ndoo za plastiki. Nilikuwa na furaha, sijui ya nini. Nikaanza kuimba wimbo wa kanisani. Mtoto akanifunika mdomo kwa mkono wenye uji.

"Mama, usiimbe!"

"Kwani naimba vibaya?"

"Utakufa!"

Nikatabasamu. Hilo nalo likawa kosa, wimbo na tabasamu kwa pamoja. Alinikamata mguu akalia mpaka wapangaji wa ploti nzima wakatoka kwenye balkoni na miswaki mdomoni. Kiwandani msimamizi wetu hana utani: ukikuta geti limefungwa, rudi nyumbani. Nililikuta limefungwa. Kesho yake kilio kikawa kilekile, na geti likawa lilelile. Nikaona kabisa kwamba nitapoteza kazi kwa sababu ya mnyama wa kuchorwa.

Basi nikajitia ujuzi. Jumamosi niliweka ile filamu ya mtoto wa nungunungu, ambaye mama yake anachukuliwa na mafuriko, nikaondoa sauti, nikasimulia mwenyewe kama yule jamaa wa kibanda. Mama nungunungu alipoingia mtoni nikasema, "Huyu anavuka kwenda soko la nyama la Kiamaiko kununua matumbo. Atarudi." Nikajisifu kimoyomoyo. Mwandishi wao nimemshinda na silipwi.

Binti yangu alitazama filamu yote bila kugusa bisi. Mwishoni, msitu mzima ukicheza densi, akanigeukia.

"Matumbo yako wapi?"

"Bado yuko kwenye foleni."

"Mpaka mtoto wake amekuwa mkubwa, ameoa?"

Shule nilisoma, lakini hilo halikuwa kwenye silabasi. Jumapili baada ya ibada nilichukua mfuko nikasema, bila kufikiri, kwamba napitia Kiamaiko mara moja. Kilio kilichofuata kilimtoa baba yake bafuni na sabuni masikioni. Sasa mama nungunungu bado amekufa, na matumbo nayo nimeyaharibu.

Jumatatu niliamka na hasira ya kweli. Maji yamepotea, uji umeungua, kiatu kimoja cha mtoto hakionekani. Nikafokea mfereji. Nikafokea jiko. Nikamfokea baba mtu, ambaye kumbe ndiye alikuwa amekikalia kiatu. "Kila kitu mimi! Hata kiatu mpaka nije nikutoe juu yake!" Nilipogeuka kujiandaa kwa kilio, binti yangu alikuwa mlangoni ametulia, sweta amejifunga mwenyewe, vifungo vikiwa vimepishana.

"Nenda tu," akasema.

"Leo hulii?"

"Umekasirika. Wenye hasira hawafi mwanzo."

Nikasimama na kiatu mkononi, nikizipitisha filamu zote kichwani. Kweli! Mama wa kambo, mchawi, malkia mwenye kucha ndefu: wale wanafika karibu na mwisho, tena na nguo nzuri kuliko wote. Na mimi mchambuzi sikuwahi kuliona.

Tangu siku hiyo, nikishika mkoba ananiambia, "Gomba kwanza." Nagomba. Siku ambazo sina hasira naitafuta: naisema kamba ya nguo, namlaumu jogoo wa watu. Juzi jirani anayetulelea watoto akanivuta kando, kwa upole kabisa. "Dadangu, mtoto ni mdogo. Punguza ukali. Na wewe umeokoka."

Ningemweleza nini? Nikatabasamu kwa aibu. Papo hapo nikahisi mkono mdogo umekamata sketi yangu, na pumzi ya kilio inavutwa.

"Na wewe nani amekuuliza?" nikamfokea yule mama wa watu.

Mkono ukaachia sketi. Geti nililikuta wazi.

Jioni nilipitia Kiamaiko nikamnunulia jirani matumbo ya kuombea msamaha. Binti yangu alichungulia mfuko kabla hajanitazama mimi.

"Kumbe foleni iliisha," akasema.