Ubao na Mchanga Havilali Kitanda Kimoja

Enzi zetu Ijumaa ilianzia uvunguni. Nyumba ya babu pale Kerege ilikuwa ya mbao tupu, imesimama juu ya nguzo fupi za mawe kama mwanamke aliyepandisha kanga asilowe pindo. Sisi watoto tulitambaa chini yake na mafagio ya chelewa, tukisukuma nje kila punje ya mchanga iliyoletwa na upepo. Bibi alitembea juu yetu polepole, akichungulia kwenye nyufa za sakafu, na alipoona tumeruka mahali alipiga kisigino: du! "Hapo bado! Hayo ni macho au vifungo vya shati?"

"Ubao na mchanga havilali kitanda kimoja," alisema kila wiki, kama vile hatujawahi kusikia. Mchwa hapandi jiwe hivi hivi. Hujenga kwanza njia yake ya udongo, na uvungu ukiwa mtupu utaiona njia hiyo na kuivunja kabla hajafika kwenye mbao. Shule niliiacha darasa la tano, lakini somo hilo ninalo mpaka leo.

Babu alikuwa mpasua mbao kule Mkange, yeye juu ya gogo na mwenzake shimoni, msumeno katikati. Mvule wa nyumba ile aliupasua kwa mikono yake. Majirani wenye nyumba za udongo walimcheka, wakasema amejijengea sanduku. Lakini jua la mchana likikolea, watoto wao wote walikuwa uvunguni kwetu, maana hapakuwa na pahali pa baridi kama pale. Tulicheza mdako, tulichoma korosho kwenye bati bovu mpaka midomo ikababuka kwa mafuta yake, tukala embe mbichi na pilipili huku tukilia na kuomba nyingine. Mwanaidi, binti wa fundi seremala wa jirani, ndiye aliyekuwa akinishinda mdako, na hajaacha kunikumbusha.

Kisha nikakua, nikaanza kutangatanga. Nimepika kambini kwa wavuna chumvi Saadani, nimeuza chai Pangani, nimeshona magunia Tanga. Kila nilipofika nilitaka kujua mbele kuna nini. Mwaka huu nikarudi Kerege, na tangu siku hiyo nina hasira.

Uvungu haupo. Umejazwa mchanga mpaka usawa wa kizingiti, ngazi za mlangoni zimefukiwa, na pembeni umepigwa lipu ya saruji. Mbao za chini ukizigusa zinavunjika kama biskuti. Mvule wa babu! Sefu, mtoto wa ami yangu, ambaye tangu Bibi afariki kiwanja kiko mikononi mwake, alinipokea na maneno mawili tu.

"Dada, mwezi wa Ramadhani ukiandama nyumba hii haijakalika, naleta tingatinga. Hapa barabarani panataka fremu za duka."

"Nani alijaza mchanga?"

Akaangalia simu yake. "Yameshapita hayo, dada."

Mtu asiyetazama usoni nimeshamjua. Nikaenda kwa Mwanaidi, ambaye siku hizi ndiye mwenye karakana ya marehemu baba yake. Nikamwambia nataka kuifufua nyumba. Akanitazama miguu, viatu vyangu vya safari. "Wewe? Utamaliza au utaondoka katikati ya msumari?" Lakini asubuhi yake alikuja na randa.

Tulichimba siku nyingi, chepe na karai, mchanga ukitoka kama hauna mwisho. Watoto wa Sefu, watu wazima wenye ndevu, walikuja kusimama kando yangu wakajipiga picha na chepe langu, wakalirudisha bila kuchota hata mara moja. Mmoja akauliza, "Shangazi, hii ilikuwa stoo?" Ukimwambia ashike msumeno anauliza unawashwa wapi. Mwanaidi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Kila nilipotupa chepe nilimtaja Sefu: mvivu huyu, mwenye kuona haya asili yake, amefukia nyumba ya babu ili isionekane banda.

Siku tuliyofika nguzo ya kibla, nikakuta vijiwe vyetu vya mdako, vitano, vimelala pamoja. Nikamlaani Sefu kwa sauti. Mwanaidi akaweka randa chini.

"Shoga, mwache mtoto wa watu. Mchanga aliuagiza Bibi."

"Bibi yupi?"

"Huyo huyo wa ubao na kitanda. Magoti yalimwisha. Ngazi zile tatu alikuwa akizishuka kwa makalio, mtu mzima, akienda kutawadha. Sefu alikataa, akamwambia nyumba italiwa. Bibi akamjibu, 'Basi nileteeni wa kunishika mkono.' Sefu anatoka alfajiri kwenda mjini. Mimi nilikuwa nikimshika asubuhi. Lakini mtu hatawadhi mara moja kwa siku." Akapangusa randa yake. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Saadani."

"Saadani si mbali."

Nilichukua chepe nikachimba mpaka viganja vikachubuka. Hasira haikupungua, ilipotea njia tu. Nilimkasirikia Bibi kwa kutoniita. Nilimkasirikia Sefu kwa kukubali kubeba lawama badala ya kunitamkia ukweli. Na sisi sote, kizazi kinachojisifu kwamba kililelewa! Tunawacheka hawa wanaojipiga picha na chepe, lakini mchanga ule haukumwagwa na wao.

Mbao zilizooza tukazitoa, Mwanaidi akakata nyingine, tukazipaka oili chafu mpaka mikono ikanuka gereji. Uvungu ukafunguka pande zote. Mlangoni tu sikurudisha ngazi. Tuliacha mchanga, tukaushindilia kwa mawe uwe mteremko wa kupandika na mtu wa magoti mabovu, na kati yake na kizingiti tukaacha pengo la kupita ufagio.

Sefu alikuja zimebaki siku mbili mwezi uandame. Akatembea sakafuni, akarukaruka, akainama na kumulika chini kwa simu.

"Nani atafagia huku?"

"Mimi."

"Mpaka lini, dada?"

"Mpaka magoti yaishe."

Akauangalia ule mteremko muda mrefu. "Fremu nitajenga kule mbele," akasema. "Futari ya kwanza tutakula hapa." Akaondoka bila kuaga.

Ijumaa nikatambaa uvunguni peke yangu. Zamani tulikuwa watoto saba, tukisukumana na kununa, tukiomba Bibi asione kona tuliyoiruka. Nilifagia mpaka nguzo ya kibla. Pale nikaacha alama ya mchanga, kiasi cha kiganja, makusudi, nikatulia nikisikiliza kisigino sakafuni. Juu Mwanaidi alikuwa akipiga msumari wa mwisho. Alipomaliza, nyumba yote ikawa kimya.

Nikaufagia na ule.