Mzigo Niliomtwika Mgeni

Kabla hujaniuliza, nikujibu: sinywi. Hata busaa ya kwetu Vihiga niliiacha nikiwa msichana. Na ilikuwa saa tisa mchana, jua linawaka. Najua visa vya namna hii husemwa vilitokea usiku wa manane, ndiyo maana watu wananicheka nikisema changu kilinipata mchana. Mara ya kwanza nilipokisimulia kwenye ploti, jirani mmoja aliniangalia akasema, "Mama Githeri, sasa umeanza kuzeeka." Wewe amini au usiamini, lakini nitakueleza kilivyonipata mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii miwili.

Wakati huo niliishi mtaa wa mabanda wa Gatwekera, na kazi yangu ilikuwa kuchemsha githeri na kuiuza mlangoni. Mahindi na maharagwe makavu hutaka moto saa nne nzima, na mkaa ulikuwa haushikiki. Kwa hiyo mara mbili kwa wiki nilikwenda msituni kuokota kuni, na nilikwenda na Nerea.

Nerea alikuwa jirani yangu. Vyumba vyetu vilitenganishwa na bati moja tu, hata akipiga chafya nilimwambia pole. Yeye alitoka Bondo, alifua nguo za watu kule mtaa wa Ayany, na alikuwa na binti mmoja, Mercy, wa miaka tisa, aliyemlea peke yake. Kutaniana kwetu hakukuwa na mwisho. Aliniambia sisi Waluhya ukituonyesha kuku tunasahau njia ya nyumbani. Mimi nikamwambia wao Wajaluo hata ndoo ya maji wanaibeba kwa maringo. Alikuwa mrefu, mwembamba, na mzigo mzito ulimsumbua shingo.

Kama hujawahi kubeba kuni, nivumilie nikueleze jambo moja. Mzigo wa maana hauwezi kuuinua mpaka kichwani peke yako. Lazima awepo wa kukutwika. Ndiyo maana mwanamke akikuambia "nitwike" huko msituni, humuulizi jina, kabila wala kanisa. Unashika upande wako, mnainua pamoja. Na yeye haondoki mpaka ahakikishe nawe umeinuka na wako. Kumwacha mwenzako na mzigo wake chini ni aibu ambayo wanawake hawasahau. Mimi na Nerea tulikuwa na utaratibu wetu: namtwika yeye kwanza, halafu mimi, kwa kuwa Mungu alinipa mifupa ya punda, naegemeza wangu kwenye kisiki, napiga magoti chini yake na kuinuka, naye akinishika bega.

Zamani kuni zilikuwa karibu. Kisha barabara kubwa ikaupasua msitu, nyumba zikafuata barabara, kuta zikafuata nyumba, na kila mwaka ikatubidi kuingia ndani zaidi. Na wanyama nao, waende wapi? Mbwa wa watu wakaanza kupotea. Mzee mmoja aliamka akakuta vichwa vya mbuzi wake na kwato tu. Fisi, watu wakasema. Vijana wetu nao walikuwa wakitega waya huko kunasa paa, na waya hizo zilinasa chochote kilichopita. Nyama ya paa hao, sitakudanganya, imewahi kuchemka kwenye sufuria yangu pia.

Siku hiyo wanawake wengine walikataa kwenda. Nerea naye alitaka kukataa.

"Mimi leo roho yangu imekataa," aliniambia asubuhi tukiwa mlangoni. "Wamesema kuna kitu ilikuwa inalia jana pale kwa kalavati, ule mtaro wa maji chini ya barabara."

"Kitu gani? Si ni umbea tu ndio inalia?"

"Wee cheka. Mimi niko na mtoto."

"Na mimi niko na sufuria. Sasa niambie wateja wangu watakula roho yako?"

Watu waliokuwa bombani wakacheka. Nerea akachukua kamba yake akanifuata. Alikuja kwa sababu nilimcheka mbele ya watu, na hilo linaniuma mpaka leo. Njia nzima, kuanzia kituo cha Olympic mpaka tukavuka barabara kubwa, hakunitania hata mara moja.

Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na ardhi ilikuwa laini. Tuliokota mpaka yeye akapata za kumtosha. Mimi nikataka kushuka bondeni, maana nilijua kuna mti ulioanguka huko.

"Si turudi na hizi?" akasema. "Zinatosha."

"Zinakutosha wewe."

"Mama Githeri, mimi huko chini siendi."

"Basi nenda nyumbani! Nimekufunga kamba?"

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Nikashuka peke yangu na panga langu, nikakata na kufunga, nikapandisha mzigo nikiuburuta. Sijui nilikaa muda gani. Nilipofika pale nilipomwacha, hakuwepo. Kuni zake zilikuwa zimetawanyika chini bila kufungwa. Nikajua amenisusia. Nikaita mara mbili, ya pili kwa hasira.

Ndipo nikamwona yule mwanamke.

Alikuwa amesimama kando ya mti, hatua kama kumi kutoka kwangu, na naapa sikusikia jani likikanyagwa. Alijifunika leso ya kahawia yenye madoadoa kutoka kichwani, uso nusu hauonekani. Mkono wa kushoto aliuficha ndani ya leso. Miguuni pake kulikuwa na mzigo mrefu uliofunikwa kwa matawi mabichi.

"Sasa mama," nikamsalimia.

"Nitwike," akasema. Sauti yake ilikwaruza kama ya mtu mwenye homa ya koo. "Mkono wangu ni mbovu."

Nilimsogelea. Harufu iliyonipokea ilikuwa ya bucha siku stima imepotea na friji imezima. Nikamwonea huruma, kwa sababu nilidhani ni mgeni mjini. Nani hubeba matawi na majani yake? Nikamkaripia kama ninavyowakaripia wote: "Hizo mbichi zitakushikisha na askari wa msitu. Watu hubeba kavu." Kisha nikamuuliza:

"Hujaona mwenzangu? Mrefu hivi, na sweta ya kijani?"

"Ameenda," akasema. "Alikuwa amekukasirikia."

Nikasonya. Unajua kiburi kilivyo? Sikujiuliza huyu amejuaje kama tumegombana. Nilichofikiria ni kwamba Nerea amepita akinisema vibaya kwa watu asiowajua.

Nikainama, nikaingiza mikono chini ya ule mzigo. Ulikuwa na joto. Haukuwa mgumu kama kuni, ulilegea katikati. Nikaelewa mara moja, au nilifikiri nimeelewa: huyu ameiba mbuzi wa mtu, ndiyo maana amemfunika. Na huku kwetu, ukiona cha mtu, unafunga mdomo unaendelea na yako. Nikamuuliza tu ngata yake iko wapi, ile nguo ya kuviringisha kichwani.

"Weka hapa," akasema, akainamisha kichwa mpaka karibu na magoti, akanipa kisogo.

Tukainua. Nilipomwekea, vidole vyangu viligusa shingo yake. Ilikuwa nene kama ya fahali, na nywele zake ngumu kama za ufagio. Mzigo ule ungeniyumbisha hata mimi, lakini yeye hakutikisika. Aligeuka akaanza kushuka bondeni, si upande wa njia ya watu, mabega juu, kiuno chini, akichechemea.

"Na mimi je?" nikamwita. "Hunitwiki?"

Hakugeuka. Unajua nilifanya nini? Nilimtukana. Nikasema wanawake wa siku hizi hawana adabu. Wallahi, hilo ndilo lililonisumbua, adabu! Nikajiinua na mzigo wangu kwenye kisiki kama kawaida, nikaenda zangu, na njiani nikawa natayarisha maneno ya kumpa Nerea.

Nilifika jua likizama. Mercy alikuwa amekaa mlangoni kwao, bado na yunifomu ya shule, jiko halijawashwa.

"Anti, mum ako wapi?"

Kuni zote zilinidondoka. Sikuzitua, zilinidondoka zenyewe, na gogo moja likanipasua kidole cha mguu. Sikusikia maumivu mpaka kesho yake. Wakati ule ule nilijua ule mzigo ulikuwa nini.

Vijana walikwenda na tochi na mapanga, wakarudi mikono mitupu. Asubuhi walikuja watu wa wanyamapori, nikawapeleka. Mmoja wao, mwanamume wa makamo mwenye sauti ya upole, alichuchumaa pale niliposimama na yule mwanamke. Alama za kandambili zangu zilikuwa zimezama kwenye udongo, jinsi mtu anavyozama akiinua kitu kizito. Aliangalia sana. Kisha akaniita kando.

"Mathe, hapa ni wewe ulisimama?"

"Ni mimi."

"Na mbele yako ni fisi. Mkubwa. Mguu moja ya mbele haikanyagi, hiyo ni waya ilimkata." Akanitazama. "Mlikuwa mmesimama uso kwa uso. Mlikuwa mnafanya nini?"

Nikamweleza yote. Nilitegemea acheke. Alivua kofia yake akaishika mikononi.

"Hiyo sitaiandika," akasema. "Na wewe usiiandikishe polisi. Watasema umerukwa na akili, na huyo mtoto atabaki bila mtu."

Walimpata Nerea ndani ya kalavati, chini ya barabara kubwa. Juu magari yalipita tu kama kawaida. Sitakueleza tulichokiona. Jeneza lilifungwa, likasafirishwa Bondo likiwa limefungwa, na mama yake alipoomba lifunguliwe ni mimi niliyemshika mikono. Siku chache baadaye watu wa wanyamapori walimnasa fisi, wakampiga risasi. Watu walishangilia na kupiga picha. Nilisukumana mpaka mbele nikamwangalia. Alikuwa na miguu minne mizima. Nilipomtafuta yule bwana kwa macho, alitazama kwingine.

Sasa kuna jambo nililoliruka. Nimeliruka kila mara ninapokisimulia kisa hiki, lakini leo nimechoka nalo. Tulipokuwa tunauinua ule mzigo, ulipita karibu na sikio langu. Nikasikia pumzi. Ndogo, ya kukwama, kama ya mtu anayetaka kukohoa akashindwa. Nikafikiri, maskini, mbuzi wa watu hajafa. Hata nilimwonea huruma huyo mbuzi. Na pale kalavatini, yule bwana akifuata damu kwa macho, alisema polepole kama anajisemea mwenyewe, "Huyu alifika hapa akiwa hai." Nilikuwa nimesimama nyuma yake.

Niambie wewe, ungefanya nini? Usinijibu haraka. Panga lilikuwa kiunoni mwangu. Ningepekua majani mara moja tu, basi.

Nilihama Gatwekera. Sasa niko Kawangware, hakuna msitu, napika kwa gesi na kuuza chapati. Mercy ninaye. Kwenye bomba, mwanamke akiniambia "nitwike," nasingizia mgongo. Wanasema nina roho mbaya, na mimi nawaacha waseme. Mikono yangu haiwezi tena. Ikigusa chini ya mzigo wa mtu, naanza kusikiliza, na nikisikiliza nasikia.

Kwa hiyo nakuonya. Wale wanyama hawajaisha, wamebanwa tu, na tumewabana sisi, na tumewakata miguu kwa waya zetu. Ukienda kule, usiachane na mwenzako kwa hasira, hata kama yeye ndiye mwenye makosa. Na mtu usiyemjua akikuomba umtwike, mwambie afunue kwanza. Akikataa, funua mwenyewe, piga mayowe, tupa kila kitu. Heri uitwe mtovu wa adabu mji mzima.

La mwisho. Mercy ana miaka kumi na tatu sasa, mrefu kama mama yake, na ameanza kuuliza. Nilimwambia mama yake alikufa palepale, hakusikia uchungu, na ameniamini. Usiku analala mgongo wake ukiwa umegusa wangu. Ukikutana naye huku Kawangware, mwambie mama yake alikuwa mtu wa utani, mwambie alikuwa mchapakazi, mwambie hata kwamba ni mimi niliyemtoa nyumbani siku ile. Lakini usimwambie kwamba nilimsikia akipumua, na bado nikauinua ule mzigo.